Nani Kaing'oa Zohali

Jua la Kirimeni lilikuwa limeanza kushika kutu. Lilikuwa duara kubwa la bati, limepakwa rangi ya njano na kusimamishwa juu ya nguzo mbili katikati ya uwanja wa sekondari ya parokia, na kwa jinsi ukungu wa Juni ulivyoshuka asubuhi ile mpaka kwenye mapaa, hilo ndilo jua pekee ambalo mtu angeliona siku hiyo. Inspekta Ruth Mwasaga alishuka kwenye Land Rover, akafunga koti mpaka shingoni, akalitazama.

"Ndilo hili?" aliuliza.

"Ndilo, afande," alijibu Koplo Shedrack, dereva wake, Mpare wa Same asiyeweza kukaa dakika tano bila kutania. "Wenzetu huku wana jua la bati. Sisi kwetu tunalo la kweli, tena tungewagawia nusu bure kabisa."

Ruth mwenyewe alikuwa mtu wa Tukuyu, na mvua na migomba havikumshangaza. Kilichomsumbua ni jambo moja tu: mzee wa miaka sabini na kitu, mgonjwa wa sukari, alitoka nyumbani kwake jana baada ya chai bila kumeza vidonge vyake, na mpaka sasa hajarudi. Usiku mmoja wa Juni huku mlimani mzee anaweza kuumaliza, Mungu akipenda. Wa pili, hapana.

Mwenyekiti wa kijiji, Sirili, alikuja mbio kutoka upande wa madarasa, kofia mkononi. "Tumsifu Yesu Kristo, afande."

"Milele, amina," alijibu Ruth, ambaye alikuwa Mmoravian, lakini miaka miwili ya Moshi ilikuwa imemfundisha mengi. "Nieleze toka mwanzo, mwenyekiti. Pole pole, maana ukiruka kitu tutarudi hapa hapa."

Sirili alieleza. Mwalimu Wenseslaus alifundisha sayansi shuleni hapo mpaka akastaafu. Wenzake wakistaafu hufungua duka la vocha za mbegu au hukaa tu kunywa mbege. Yeye alistaafu akaanza kujenga mbingu. Jua likakaa hapa uwanjani, na sayari zake zote tisa zikapangwa kuteremka barabara ya kwenda mjini, kila moja juu ya nguzo yake, ukubwa na umbali vimepunguzwa kwa kipimo kimoja. Watu walimcheka mwaka mzima, kisha wakaanza kuleta wageni wao kuja kuona.

"Na kila asubuhi lazima azikague," Sirili alisema. "Anateremka mpaka anapochoka, anageuka, anarudi. Jana hakurudi. Tumetafuta barabara nzima, sayari kwa sayari, mpaka kwenye lami kule chini ilipo Pluto. Tumetuma mtu hospitali ya Mawenzi. Hayupo."

"Na huyo mliyemfunga?"

"Faustin. Yuko ofisi ya kijiji. Huyo ndiye kaing'oa Zohali, afande. Kaikata kwa panga Jumamosi, kila mtu kasikia. Na kofia ya Mwalimu imekutwa nyumbani kwake. Sasa ukiunganisha..."

"Nitaunganisha mwenyewe," Ruth alisema. "Tuzione hizo sayari."

Hapo hapo Shedrack akapiga yowe. Mguu wake ulikuwa umezama kwenye shimo lililofichwa na nyasi, mpaka juu ya buti.

"Samahani sana, koplo!" Sirili alimkimbilia. "Hayo ni mashimo ya Dunia. Mwalimu huihamisha kila mwezi, na mashimo ya zamani wanafunzi hawayafukii. Uvivu mtupu."

"Dunia imenishika mguu," Shedrack alinung'unika akijipangusa. "Mama yangu alinionya."

Dunia yenyewe ilikuwa punje moja ya kahawa ndani ya kichupa cha dawa, kimegundishwa juu ya nguzo inayomfikia Ruth kifuani. Aliinama akaichungulia. Zuhura nayo ilikuwa punje ya kahawa, ndogo kidogo. Mirihi ilikuwa njegere. Utaridi, jirani kabisa na Jua, ilikuwa punje ya mtama. Ruth aligeuka kulitazama lile bati la njano, kisha akairudia tena ile punje. Watu wote aliowahi kuwakamata, na wote aliowahi kuwakosa, walikuwa humo. Lo! Aliona aibu ghafla, akaondoka.

Walitembea. Uwanja uliisha, barabara ya udongo ikaanza kuteremka katikati ya vihamba, migomba huku na kahawa chini yake. Magari ya wanunuzi binafsi wa kahawa, walioanza kupanda huku tangu serikali ilipofungua soko, yalikuwa yameichimba barabara mpaka imebaki mifupa. Mbele ya ghala la chama cha msingi, ghala ambalo siku hizi lilikuwa na popo wengi kuliko magunia, ilisimama Mshtarii: mpira wa mbao wa kukumbatiwa kwa viganja viwili, umechorwa mistari ya kahawia. Kando ya nguzo yake, mkono wa kulia kwa mtu anayepandisha, ulikuwa umepandwa mmea mmoja wa majani marefu ya kijani, yaliyochongoka.

"Hili isale liko kila nguzo?" aliuliza Ruth.

"Kuanzia hapa mpaka chini kabisa," Sirili alisema, na uso wake ukaingia kivuli. "Na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Wewe si wa huku, afande, nikueleze. Isale kwetu si ua. Isale ndilo mpaka wa kihamba. Baba akikugawia shamba, anapanda isale, na halitoki hapo mpaka mwisho wa dunia. Sasa ukiamka asubuhi ukakuta isale kwenye kihamba chako ambalo hukulipanda wewe, maana yake kuna mtu anakuambia: hapa ni pangu, sogea."

"Na nguzo ya Zohali iko kwenye kihamba cha Faustin."

"Ukingoni kabisa mwa barabara, lakini ndani yake. Nguzo aliiruhusu mwenyewe. Isale hakuliruhusu."

Walifika. Palibaki kisiki cha nguzo chenye makovu meupe ya panga, na shimo dogo mahali isale liliponyofolewa na mizizi yake. Ruth alichutama. Makovu yalikuwa yamekwisha kuota kuvu ya siku kadhaa. Hakukuwa na damu, hakukuwa na majani yaliyokanyagwa, hakukuwa na alama ya mtu kuburutwa. Aliyekata alikata nguzo, akamaliza hasira yake, akaenda zake.

"Mbele ya hapa?"

"Uranusi iko darajani, Neptuni iko sokoni. Zipo salama, na masale yake."

"Yote mkono wa kulia?"

Sirili alifikiri. "Sasa umenishika. Sijawahi kuangalia."

"Angalia," Ruth alimwambia Shedrack, naye akateremka mpaka darajani, akarudi anatweta. Kulia, kwa anayepandisha. Ruth akalifungia hilo moyoni.

Nyumba ya Faustin ilikuwa hatua chache kutoka barabarani. Mgambo walikuwa wameipekua jana jioni: godoro limepinduliwa, debe la maji limemwagwa, sakafu imekwanguliwa kutafuta damu. Waliitafuta chini tu. Ruth alisimama mlangoni akainua macho, na pale juu ya kizingiti akaona jani la isale limechomekwa kwenye ufa wa ubao. Lilikuwa limefungwa fundo.

"Na hili, mwenyekiti?"

Sirili alilitazama, akajishika kichwa. "Yesu na Maria! Mbona hawakuniambia?"

"Hawakuliona. Ni la nini?"

"La kuomba msamaha. Mtu akikukosea, hata awe amekuulia ndugu, akija kwako na isale la fundo, huwezi kumkatalia. Unalipokea, na jambo linazikwa. Halitajwi tena milele."

Ruth alilitazama lile jani kwa muda. Halikuwa limenyauka sana.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye picha ya rais na benchi. Juu ya benchi alikaa Faustin, mzee mnene wa mabega, mikono imefungwa kwa kamba ya katani.

"Mfungueni," alisema Ruth.

"Afande, atakimbia," mgambo alilalamika.

"Akimbilie wapi? Ng'ombe wake wako zizini, atawakatia majani nani, wewe?" Kamba ikafunguliwa. Ruth akavuta kiti, akakaa mbele yake. "Shikamoo, mzee."

Faustin alishtuka kidogo. Tangu jana hakuna aliyemwamkia. "Marahaba."

"Nguzo uliikata wewe?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Hilo sisemi."

"Kofia ya Mwalimu ilifikaje kwako?"

"Aliisahau. Jumapili, baada ya misa."

"Alikuja kwa shughuli gani?"

Faustin aliangalia mikono yake.

"Unaona, afande?" mgambo alidakia. "Ndivyo alivyo toka jana! Ukimuuliza hapo tu, bubu."

"Wewe subiri nje," alisema Ruth. Mlango ulipofungwa, alisogeza kiti karibu. "Mzee Faustin, mimi si wa huku, lakini kuuliza si ujinga, na nimeuliza. Nimeona kilicho juu ya mlango wako. Sikuulizi kosa. Kosa limezikwa, likae huko huko. Nakuuliza mambo ambayo hayakuzikwa. Aliyekuja na isale ni yeye?"

Mzee yule alishusha pumzi ndefu, pumzi aliyokuwa ameishikilia tangu jana. "Ni yeye."

"Ukalipokea."

"Isale halikataliwi, mama. Na hata lingekataliwa, nisingemkatalia Mwalimu. Alinifundishia watoto wanne." Sauti yake ilikwaruza. "Alisimama pale mlangoni kwangu, kichwa kimeinama, akasema, 'Faustin, nimekosa mimi, unisamehe.' Mtu mkubwa vile. Niliona haya mimi niliyekata, kuliko yeye aliyeomba. Tukanywa kata moja ya mbege, tukamaliza."

"Na mpira wa Zohali?"

"Nilimrudishia. Nikamwambia, Mwalimu, nitakukatia nguzo mpya mimi mwenyewe, irudi pale pale. Akakataa. Akasema, 'Hapana. Hapa pameshakuuma. Nitaitafutia kwingine, umbali ule ule.' Akaupakata akaenda. Toka hapo sijamwona."

"Na umekubali kufungwa kamba usiku kucha kuliko kusema hayo?"

"Ningeyasemaje? Wangeuliza aliomba msamaha wa nini. Halafu kesho kijiji kizima kinasema Mwalimu mwizi wa ardhi." Faustin alimtazama machoni kwa mara ya kwanza. "Mtafute, mama. Mimi mtanirudia."

Shedrack, walipotoka nje, alikuna kidevu. "Maneno matamu, afande. Lakini maneno hata mimi ninayo."

"Ndiyo maana tunakwenda kwa mwenye kofia."

Bibi Epifania, mke wa Mwalimu, alikuwa jikoni kwake nyuma ya shule. Alikuwa anamenya ndizi za kupikia supu ya mtori, rundo ambalo lingeshibisha harusi, na hakuna mtu wa kulila. Alimenya kwa sababu hakuweza kukaa bure. Ruth alimwamkia, akavuta kigoda, akaokota kisu kingine, akaanza kumenya naye.

Bibi alimtazama kwa jicho la pembeni. "Unajua kumenya."

"Kwetu Tukuyu usipojua huolewi."

"Umeolewa?"

"Hapana, bibi. Nilijua kumenya tu."

Uso wa bibi ukalegea kidogo sana. Wakamenya ndizi mbili tatu.

"Jumapili Mwalimu alirudi na kofia?"

"Kofia ipi! Kichwa wazi, na ukungu ule! Nikamgombeza mpaka akala bila kuniangalia. Akasema ameiacha kwa mtu, ataifuata." Kisu kikasimama. "Kwa hiyo Faustin..."

"Faustin hakumgusa." Ruth aliweka ndizi iliyomenywa ndani ya maji. "Bibi, nimeyaona masale. Mpaka wa shamba una kona na una mstari. Haya ni moja moja tu, kila nguzo lake, yote mkono wa kulia kwa mtu anayerudi nyumbani. Hakuna anayeweka mpaka hivyo. Nani aliyapanda?"

Kuni zilipasuka motoni. Bibi Epifania aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye khanga, akaifuta tena ingawa ilikuwa imekauka.

"Mimi," alisema.

Ruth naye aliweka kisu chini.

"Mwaka jana, siku moja jioni, nimekaa hapa hapa, nikasikia hodi. Nikatoka. Ni yeye. Amesimama kwenye mlango wake mwenyewe, ananiambia, 'Samahani, mama, hapa ni kwa nani?' Nikamwambia, 'Ni kwako, karibu.' Akanitazama, halafu akacheka, akajifanya alikuwa ananitania. Na mimi nikacheka. Tulicheka sana siku ile." Machozi yalikuwa yanateremka, hakuyafuta. "Hatukulizungumza tena. Ningelizungumza vipi? Mwalimu mzima, amehesabu mpaka nyota, nimwambie wewe umeanza kupotea? Na kumfungia ndani siwezi, hizo sayari zake ndizo pumzi yake. Basi nikafikiri, mtoto wa Kichagga anaweza kusahau hata jina lake, lakini isale halisahau. Akiliona mkono wa kulia, atapandisha. Akiliona jingine, atapandisha tena. Mpaka mlangoni."

"Hukumwambia."

"Nilikwenda yeye amelala mchana. Sikuufikiria mpaka wa Faustin, afande. Nakuapia. Nilimfikiria mume wangu tu." Alijipiga kifuani mara moja, taratibu. "Na sasa kama amekufa, nimemuua mimi kwa mkono wangu."

Ruth alikuwa na jibu. Mwalimu hakupanda isale lolote, na bado alikwenda kwa Faustin akainamisha kichwa akasema amekosa yeye. Mtu haombi msamaha wa kosa la mwingine bila kumjua huyo mwingine ni nani. Lakini hilo lilikuwa limezikwa, tena halikuwa lake yeye kulifukua. Aliinuka akamshika bibi bega.

"Kama angekuwa upande wenye masale, angerudi," alisema. "Ulichopanda kinafanya kazi, bibi. Basi hayuko upande huo. Hebu niambie, alikuwa anapima umbali kwa kitu gani?"

"Gurudumu. Ringi la baiskeli, amelifungia mpini na kitambaa chekundu. Analisukuma huku anahesabu."

"Liko wapi?"

Bibi aligeuka kutazama kona ya jikoni. Kona ilikuwa tupu.

Ruth alitoka nje nusu anakimbia, Shedrack nyuma yake, mpaka uwanjani mbele ya lile bati la njano. Alisimama pale akazunguka mwili mzima, macho chini kwenye nyasi. Shimo. Shimo jingine. Jingine. Mtu akiyafuata kwa macho, yanalizunguka bati lote, upande wa barabara na upande wa msitu, upande wa kanisa na upande wa choo cha wanafunzi.

"Shedrack, Dunia jana ilikuwa wapi?"

"Hapo ilipo."

"Na mwezi uliopita?"

"Kwenye shimo lililonivunja mguu, nadhani."

"Sasa! Sayari hazikai kwenye mstari. Zinazunguka. Yeye alizipanga barabarani ili watu wazione wakipita, basi. Kijiji kizima kimemtafuta barabarani kwa sababu kila mtu anajua sayari za Mwalimu ziko barabarani. Lakini alimwambia Faustin atatafuta kwingine, umbali ule ule. Umbali ule ule kutoka wapi?"

Shedrack alilitazama bati. Mzaha ukamtoka usoni. "Kutoka hapa. Kokote. Upande wowote."

"Kushoto na kulia kuna makorongo, gurudumu halipiti. Chini ni kwa Faustin. Kunabaki wapi?"

Wote wawili waligeuka kuutazama mlima, ambao haukuonekana, ila ukungu tu, na njia nyembamba iliyopotelea ndani yake.

"Na huko juu," alisema Ruth, "hakuna isale hata moja."

Walipanda watano. Faustin alidai kwenda. "Mfongo wa juu niliuzibua na baba yangu," alisema, "nyinyi mtatumbukia." Sirili alibeba blanketi na kamba. Bibi Epifania alikuwa na chupa ya mtori chini ya khanga na vidonge kwenye kitambaa, na Shedrack alipojaribu kumwambia abaki, alimjibu bila kupunguza mwendo: "Mwanangu, hapa nimepita na mzigo wa kuni kichwani wewe bado hujazaliwa. Nipishe."

Pale njia ilipokutana na mfongo, ule mfereji wa maji ambao mababu waliuchimba kutoka msituni mpaka vihambani, Ruth aliona alama. Kwenye tope la ukingo kulikuwa na mstari mmoja mwembamba, na kando yake nyayo za gambuti, fupi fupi, za mtu asiye na haraka. Walizifuata. Migomba ilibaki chini, baridi ikaongezeka. Kisha wakalikuta gurudumu, limeegemezwa kwenye mti vizuri kabisa, kitambaa chake chekundu kimelowa. Kando yake palikuwa na shimo dogo lililochimbwa nusu, na jiti la kuchimbia. Hapo ndipo Zohali ingekaa.

Kutoka hapo nyayo zilikwenda kushoto, zikarudi, zikaenda kulia, zikarudi. Zilizunguka ule mti mara nyingi, kama ng'ombe aliyefungwa. Kisha zikaingia kwenye majani, upande wa korongo.

Bibi Epifania alizisoma zile nyayo kama wote walivyozisoma, akaweka mkono mdomoni. Halafu akautoa, akavuta pumzi, akaita kwa sauti ambayo Ruth hakudhani inaweza kutoka kwenye kifua kile.

"Wenseslaus!"

Maji ya mfongo yalipita. Ukungu ulipita.

"Wenseslaus! We!"

Na kutoka chini, dhaifu, yenye hasira kidogo, ikaja sauti ya mwalimu wa zamu. "Nani huyo anapiga kelele?"

Faustin alikuwa wa kwanza kuteremka, akishika mizizi, mawe yakimtoroka miguuni. Walimkuta Mwalimu amekaa chini ya mwamba, mguu wa kulia umepinda vibaya, amejifunika majani ya porini mpaka kifuani. Midomo yake ilikuwa ya bluu. Ndani ya koti, juu ya tumbo, alikuwa ameukumbatia mpira wa mbao wenye pete ya bati. Faustin alivua koti lake, akamfunika. Mwalimu alimshika mkono akaubana.

Ruth alimsaidia bibi kuteremka hatua ya mwisho. Bibi alipiga magoti kwenye tope, akafungua chupa, akamlisha mtori kidogo kidogo kwa kifuniko. Mwalimu alikunywa, akamtazama, na macho yake yalikuwa safi.

"Epifania," alisema. "Nimelitafuta isale usiku kucha. Mkono wa kulia, kama kawaida. Sikuona hata moja."

Kifuniko kikasimama hewani.

"Ulijua?"

"Toka lile la kwanza, la pale ghalani. Lilivyopandwa limeinama, ningekosaje kujua ni lako? Wewe hujawahi kupanda kitu kikasimama wima."

"Mbona hukusema?"

"Na wewe mbona hukusema?"

Shedrack aligeuka akaanza kulichunguza blanketi, ambalo halikuwa na kitu cha kuchunguzwa, na Ruth mwenyewe aliinama kuufunga mguu kwa vijiti na kitambaa, maana hiyo ilikuwa kazi na alihitaji kazi. Aliahidi gari mpaka hospitali. Hakuna aliyemsikiliza.

"Naogopa, Epifania," alisema Mwalimu. Alilisema wazi, mbele ya watu wote, kama mtu anayetaja ukubwa wa kitu alichokipima mwenyewe. "Siku nyingine mambo yananijia kichwani, siku nyingine hayaji. Jana nilisimama pale juu, sikujua chini ni wapi."

"Najua."

"Utanipandia na huku?"

"Sipandi tena."

"Hupandi?" Sauti ya mzee ilivunjika.

"Sipandi isale hata moja, huku wala kule. Tutakwenda wote. Ukienda kuangalia hizo sayari zako, na mimi naenda. Ukifika unakochoka, tunageuka, tunarudi."

Faustin alichutama, akatoa mgongo, na Sirili na Shedrack wakampandisha Mwalimu juu yake polepole, mguu uliofungwa ukiwa umenyooshwa pembeni. Bibi Epifania aliinuka kwa kujishika kwenye mwamba, akakunja uso kwa maumivu, akasogea mpaka karibu na bega la mumewe.

"Na magoti yako hayo?" Mwalimu alimuuliza kutoka juu. "Huko chini mpaka Neptuni ni mbali."

"Yataniuma," alisema bibi, akamshika mkono. "Lakini nitakuwa najua uko wapi."